Betri, Mota na Petroli katika Gari la Haibridi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hapa yamekusanywa maswali ambayo wenye magari ya haibridi yaliyotumika kutoka Japani huyauliza tena na tena, hasa wale wanaoendesha Toyota Aqua, Prius, Axio na Fielder katika barabara za Tanzania na Kenya. Panapokuwa na tofauti kwa Honda au Nissan, imetajwa. Katika majibu yote, "betri kubwa" ni ile inayoiendesha mota, na "betri ndogo" ni ile ya volti 12 iliyozoeleka katika kila gari.

## Mambo ya msingi

1. Je, gari la haibridi huchomekwa kwenye umeme ili lichajiwe?

Hapana. Aqua, Prius ya kawaida, Axio na Fielder hazina hata tundu la kuchomekea waya. Umeme wote uliomo ndani ya betri kubwa umetoka kwenye tangi la mafuta: ama injini ilizungusha jenereta, ama mwendo wa gari ulivunwa wakati wa kufunga breki au kushuka mlima. Yapo matoleo ya Prius ya kuchomekwa, yenye alama ya PHV, lakini hayo yana taratibu zake na hayamo katika maelezo haya.

2. Kama umeme wote unatokana na petroli, betri inapunguzaje matumizi ya mafuta?

Injini ya petroli ina kazi inazozifanya vizuri na kazi zinazoigharimu. Kunguruma bure kwenye foleni ya Ubungo, kuliondoa gari kutoka tuli, na kutambaa nyuma ya lori lililopakia ni kazi ndogo ambazo injini huzilipia mafuta mengi kuliko inavyostahili. Katika gari la haibridi kazi hizo hupewa mota, na injini huzimwa au hupangiwa mzigo unaoifaa.

Faida ya pili imo ndani ya injini yenyewe. Injini ya Aqua, 1NZ-FXE ya lita 1.5, hufuata mzunguko wa Atkinson, yaani valvu za kuingizia hewa huchelewa kufunga ili kila tone la mafuta litoe kazi kubwa zaidi. Gharama ya mpango huo ni kwamba injini hupungukiwa nguvu ikilinganishwa na injini ya kawaida ya ukubwa uleule, na upungufu huo ndio unaozibwa na mota pale dereva anapohitaji kuchomoka. Faida ya tatu ni breki, ambayo imeelezwa katika swali la 10.

Hata hivyo, umeme haupiti bure. Nishati inapotoka kwenye injini kwenda kwenye jenereta, kisha ikaingia betrini, ikatoka tena na kufika kwenye mota, kila hatua huacha kitu kwa njia ya joto. Tuseme kila hatua inapoteza asilimia 8 tu: baada ya hatua nne inabaki asilimia 72 hivi, na zaidi ya robo imekwenda hewani. Kwa sababu hiyo dereva hapaswi kujiwekea shabaha ya kutembea kwa betri kwa muda mrefu kadiri awezavyo. Kazi yake ni kupunguza nishati inayopotea, na kuiachia kompyuta ya gari iamue lini itumie betri. Majibu mengi yanayofuata yanatokana na jambo hili moja.

3. Betri kubwa hubeba umeme kiasi gani, na inaweza kunifikisha wapi?

Ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Betri ya Aqua ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2011, ina moduli 20 za nikeli zinazounganishwa kupata volti 144, na ujazo wake wote ni takriban kilowati-saa 0.9, yaani haifiki uniti moja ya LUKU. Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina moduli 28, volti 201.6 na takriban kilowati-saa 1.3. Tena si ujazo wote unaotumika, kama inavyoelezwa katika swali la 5. Kwenye barabara tambarare na kwa mwendo wa pole, betri peke yake itakusogeza kilomita moja au mbili hivi kabla injini haijawaka. Hii ni betri ya kupokezana kazi na injini kwa sekunde na dakika. Haikutengenezwa kuwa akiba ya safari.

4. Je, haibridi zote hufanya kazi kwa namna moja?

Hapana, na ushauri wa mwenye Aqua unaweza usimfae mwenye Honda. Toyota hutumia gia za sayari zinazoiunganisha injini na mashine mbili za umeme, ambapo moja kazi yake kubwa ni kuzalisha umeme na kuiwasha injini, na nyingine ni kuyazungusha magurudumu. Ndiyo maana gari hilo halina stata wala altaneta ya kawaida. Honda Fit ya haibridi ya mwaka 2010 hutumia mfumo wa IMA, ambao mota yake nyembamba imebanwa kati ya injini na gia boksi. Hapo mota ni msaidizi tu, na kipimo chake huandikwa ASST inaposaidia na CHRG inapochaji. Fit ya kizazi kilichofuata, ya mwaka 2013, ilibadilishwa kabisa ikapewa gia boksi ya klachi mbili na betri ya lithiamu. Nissan Note e-Power, iliyotoka mwishoni mwa 2016, ni kinyume cha IMA: injini yake haiyagusi magurudumu kamwe, kazi yake ni kuzungusha jenereta, na mota ndiyo inayoliendesha gari wakati wote.

## Kuisoma dashibodi

5. Mbona vijiti vya betri havijai vyote, na wala haviishi vyote?

Kwa makusudi. Betri ya nikeli huchakaa haraka ikijazwa pomoni au ikikaushwa, kwa hiyo kompyuta huishikilia katikati, kwa kawaida kati ya asilimia 40 na 80 ya ujazo wake halisi. Vijiti viwili vilivyobaki kwenye kioo havimaanishi kwamba umeme unakwisha. Vinamaanisha kwamba injini inakaribia kuwaka ili ichaji. Dereva mgeni hupata hofu hapo na kuanza kukanyaga mafuta akiwa amesimama ili "ajaze betri", jambo lisilo na haja. Dalili inayostahili kufuatiliwa ni vijiti kupanda na kushuka kwa kasi, kwa mfano kutoka karibu vyote hadi viwili ndani ya dakika chache za foleni. Hapo soma swali la 19.

6. Maeneo ya CHG, ECO na PWR kwenye kipimo cha nguvu cha dashibodi yana maana gani?

CHG ni pale mwendo unapogeuzwa umeme. ECO ni eneo la kukanyaga kwa kiasi, na nusu yake ya kwanza ndiyo ambamo gari huweza kutembea bila injini. PWR ni pale unapodai nguvu nyingi. Mshale kuingia PWR kwa sekunde chache wakati wa kulipita lori si dhambi. Shida ni kuishi humo.

7. Nipimeje matumizi halisi ya mafuta?

Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, sifurisha kipimo cha safari, endesha kama kawaida, kisha rudi ujaze tena, ikiwezekana kituo kilekile na pampu ileile. Gawanya kilomita kwa lita. Mfano: kilomita 412 kwa lita 21.4 ni kilomita 19.25 kwa lita. Dashibodi ya gari hilohilo yaweza kuwa imeandika 20.6, kwa maana kompyuta hukadiria, na mara nyingi hukadiria kwa upendeleo. Usipime kwa tangi moja. Chukua matangi matatu au manne, kwa kuwa mjazo mmoja ukipungua au ukizidi lita moja hesabu yote hupinda.

8. Karatasi za Japani ziliandika kilomita 35 kwa lita. Kwa nini mimi napata 20?

Aqua ilipotoka ilitangazwa kwa kilomita 35.4 kwa lita, lakini kwa kipimo cha JC08, kinachofanywa maabara juu ya rola, kiyoyozi kikiwa kimezimwa na mwendo ukiwa wa upole mno. Hakuna matuta ya Chalinze kwenye rola. Kwa matumizi ya kwetu, yaani foleni, kiyoyozi, abiria na barabara zenye viraka, kilomita 18 hadi 24 kwa lita ni gari lenye afya. Likishuka chini ya 15 pasipo sababu unayoijua, nenda swali la 18.

## Uendeshaji

9. Nikanyageje mafuta ili nitumie kidogo zaidi?

Kosa la kwanza ni kukanyaga kwa nguvu. Kosa la pili, ambalo halisemwi sana, ni kukanyaga kwa woga. Dereva anayelinyata gari kutoka taa za Mwenge kwa kilomita 15 kwa saa ili injini isiwake anaikausha betri, na baada ya mita mia tatu injini itawaka tu, sasa ikiwa na kazi mbili: kuliendesha gari na kulipa deni la betri pamoja na ile robo inayopotea njiani.

Njia bora ni kuondoka kwa uthabiti wa wastani, mshale ukiwa katika nusu ya pili ya ECO, na kuiacha injini iwake. Injini hufanya kazi yake vizuri zaidi ikiwa na mzigo wa kutosha. Ukifika mwendo unaoutaka, tuseme kilomita 50 kwa saa, inua mguu kabisa kwa sekunde moja; injini itazima. Kisha rudisha mguu taratibu ili gari liendelee kwa mota au liserereke lenyewe. Mwendo ukipungua, rudia. Wenye uzoefu hufanya hivi bila kufikiri, na abiria hatambui lolote.

Lililo muhimu kuliko mguu ni jicho. Anayeona taa nyekundu au tuta akiwa mita mia mbili nyuma huachia mafuta mapema, na mita mia mbili hizo zinakuwa za bure. Anayeliona akiwa mita thelathini hulazimika kuutupa mwendo alioulipia.

10. Breki inarudisha umeme kiasi gani, na niifungeje?

Gari la kilo 1,200 likiwa katika kilomita 50 kwa saa limebeba takriban kilowati-saa 0.03. Ni kidogo, lakini mjini breki hufungwa mara mamia. Kuna kiwango ambacho mota na betri vinaweza kupokea kwa wakati mmoja. Ukifunga ghafla, ziada yote huenda kwenye pedi na diski na kuwa joto. Kwa hiyo funga mapema, kwa upole, na kwa muda mrefu zaidi, mshale ukae ndani ya CHG bila kugonga mwisho. Karibu na kusimama kabisa breki za kawaida huchukua nafasi, na hiyo ndiyo sababu ya ule mtikisiko mdogo ambao baadhi ya watu huusikia mguuni na kudhani ni ugonjwa.

Lakini kumbuka hesabu ya swali la 2: mwendo uliovunwa kwa breki hurudi ukiwa umepungua. Kuserereka bila kufunga breki ni bora kuliko kufunga breki kwa ustadi.

11. Je, nitumie kitufe cha EV mara nyingi?

Hapana. Kitufe hicho ni cha kulitoa gari uani alfajiri bila kuwaamsha majirani, au kulisogeza ndani ya maegesho. Ukikitumia barabarani unaikopa betri kwa riba. Gari lenyewe litaingia katika mwendo wa umeme pale inapolipa.

12. Kitufe cha ECO au cha PWR: kipi huokoa mafuta?

Hali ya ECO inayowashwa kwa kitufe, ambayo si lile eneo la kipimo katika swali la 6, haiiongezei injini ufanisi. Inachofanya ni kulegeza mwitikio wa pedali na kupunguza ukali wa kiyoyozi. Mwenye mguu mtulivu atapata matokeo yaleyale katika hali ya kawaida. Ni nzuri kwa gari linaloendeshwa na watu wengi, hasa teksi.

13. Kwenye foleni, niweke gia ya N ili gari lipumzike?

Usifanye hivyo. Gari la haibridi likiwa kwenye D na limesimama, injini huwa tayari imezima, kwa hiyo hakuna cha kupumzisha. Ukiweka N, kwenye Toyota betri haichajiwi hata injini ikiwa inaunguruma, huku kiyoyozi, taa na redio vikiendelea kunywa umeme. Ukikaa hivyo muda mrefu utakuta betri imeshuka kupita kiasi. Kusimama kwa muda mfupi, bakia D na ushike breki. Kwa muda mrefu, weka P. Vilevile usishuke mlima kwa N: breki haitavuna chochote, na pedi zitapata moto.

14. Gia ya B ni ya nini? Niitumie kushuka Kitonga?

Ndiyo, na Kitonga ni mfano unaofaa kwa sababu unaonyesha mwisho wa uwezo wa betri. Gari la kilo 1,200 likishuka mita 100 za wima hutoa nishati ya takriban kilowati-saa 0.33. Nafasi inayotumika katika betri ya Aqua, kati ya asilimia 40 na 80, ni takriban kilowati-saa 0.37. Hata ukitoa kinachopotea kwa tairi na upepo, betri itakuwa imejaa kabla hujafika mbali, na Kitonga ina mamia kadhaa ya mita za kushuka. Betri ikijaa, mota haina pa kupeleka umeme, na gari litaanza kuizungusha injini bila mafuta ili liukaze mwendo. Utasikia ikinguruma kwa sauti ya juu ingawa hujakanyaga. Hilo si hitilafu.

B huliambia gari lifanye hivyo mapema, kabla betri haijajaa, ili breki zako zibaki baridi. Itumie kwenye miteremko mirefu na mikali, kama Kitonga, Sekenke, barabara ya kushuka kutoka Lushoto, au ukingo wa bonde kuelekea Mai Mahiu. Usiitumie mjini, kwa sababu sehemu ya mwendo ambayo ingekuwa umeme inateketea ndani ya injini.

Upande wa kupanda ni rahisi zaidi: mota itasaidia mwanzoni, betri itashuka, na baada ya hapo utabaki na injini ya lita 1.5 yenye mzunguko wa Atkinson. Mkiwa watu watano garini pamoja na mizigo, kubali mwendo wa malori.

15. Kiyoyozi kinakula mafuta kiasi gani?

Kompresa ya kiyoyozi katika Aqua na Prius huendeshwa na umeme wa betri kubwa, kwa hiyo kiyoyozi hupoza hata injini ikiwa imezima. Raha hiyo ina bei: kwenye foleni ya mchana Dar es Salaam, betri hushuka na injini huwaka kila baada ya dakika kadhaa ili ilipe. Kufungua vioo dakika mbili za kwanza ili joto lililojifungia litoke, kisha kuweka nyuzi 25 au 26 badala ya 18, hupunguza mzigo huo bila mateso. Pamoja na hayo, usikizime kiyoyozi kwa ubahili wakati gari limechemka ndani, kwa sababu inayoelezwa katika swali la 17.

16. Kwa nini safari za barabara kuu na safari fupi sana hazinipi matokeo mazuri?

Kwa sababu mbili tofauti. Kwenye barabara kuu, breki hufungwa mara chache, kwa hiyo hakuna cha kuvuna, na upepo ndiye adui. Ukipanda kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, ukinzani wa upepo huongezeka kwa zaidi ya nusu. Isitoshe, juu ya mwendo fulani, takriban kilomita 67 kwa saa kwa Prius ya kizazi cha pili na 74 kwa ya tatu, mfumo wa gia hulazimisha injini izunguke hata kama haihitajiki. Kwa kiasi fulani, maeneo ya kilomita 50 kwa saa yaliyotapakaa kwenye vijiji vya Tanzania huisaidia haibridi, ingawa hakuna dereva wa safari ndefu atakayekubali kuyashukuru.

Kwa safari fupi, tatizo ni ubaridi. Injini ikiwaka asubuhi hukataa kuzima mpaka ipate joto, na hufanya hivyo hata ukisimama. Ukienda kilomita mbili sokoni, ukazima, ukarudi jioni, umelipia joto mara mbili. Unganisha safari. Asubuhi ya Njombe au Limuru dakika hizo za kupasha ni nyingi zaidi, na kukaa uani ukisubiri ipate joto ni kuzitupa. Ondoka, uendeshe kwa upole.

## Utunzaji

17. Ni kitu gani kimoja nikikitunza betri kubwa itadumu?

Hewa ya kuipooza. Betri hupozwa kwa feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lililo kando au chini ya kiti cha nyuma. Watu hulifunika kwa mabegi, mablanketi ya mtoto, na vitambaa vya kupamba viti. Zaidi ya hapo, feni yenyewe hukusanya nyuzi za viti, nywele na vumbi jekundu mpaka mapezi yake yanakuwa na koti kama la sufi. Betri ya nikeli inayofanya kazi kwenye joto kubwa huchakaa kabla ya wakati, na mtu huja kuuziwa betri nyingine wakati ugonjwa ulikuwa uchafu.

Nimeshuhudia Aqua iliyohukumiwa kwenye gereji moja kwamba betri imekufa. Feni ilipofunguliwa, lilitoka donge la vumbi na nywele lenye ukubwa wa ngumi, na ndani yake kulikuwa na kipande cha karatasi ya peremende. Baada ya kusafishwa, matumizi ya mafuta yalirudi karibu na zamani, ingawa betri ile ilikuwa imekwisha kupunguziwa umri.

Safisha kichujio na feni angalau mara moja kwa mwaka, na kila miezi sita kwa gari la teksi au la barabara za vumbi. Kwa kuwa hewa inayovutwa ni ya ndani ya gari, kuliegesha gari kivulini na kulipoza abiria wakiwemo ni kuipoza betri pia.

18. Matumizi ya mafuta yameongezeka ghafla. Nianzie wapi?

Anza na vya bei nafuu. Pima upepo wa tairi zikiwa baridi na ufuate kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Zungusha kila gurudumu ukiangalia kama breki imeng'ang'ania. Uliza pia kama tairi zilibadilishwa karibuni, maana tairi pana za mtumba zenye ukinzani mkubwa zaweza kula kilomita mbili kwa kila lita. Kisha angalia oili: Toyota hupendekeza 0W-20 kwa injini hizi, na oili nzito ya 20W-50 ambayo mafundi wengi humimina kwa mazoea huikaza injini inayowaka na kuzima mara mia kwa siku. Fuata kichujio cha hewa na plagi. Kwa Prius ya kizazi cha tatu, ulizia hali ya valvu ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, na njia zake, kwani huziba kwa masizi, na ikiachwa huhusishwa na kuungua kwa gasketi ya kichwa. Baada ya hayo yote ndipo mshuku betri kubwa.

19. Taa ya pembetatu nyekundu imewaka na mashine ya kusoma hitilafu imetoa msimbo P0A80. Je, ni lazima ninunue betri mpya?

P0A80 maana yake ni kwamba kompyuta imeona tofauti kubwa mno kati ya sehemu za betri. Kabla ya kufungua pochi, mtake fundi akuonyeshe volti za kila bloku, yaani kikundi cha moduli zinazopimwa pamoja, gari likiwa kwenye mzigo. Moduli moja ina seli sita, na kila seli ina volti 1.2; kwa hiyo bloku inayobaki nyuma ya wenzake kwa volti moja na ushei mara nyingi ina seli iliyokufa. Bloku zikilingana, tafuta kutu kwenye viunganishi na vihisi kabla ya kuishutumu betri.

Kubadilisha moduli moja mbovu ni rahisi na ni kwa bei ndogo, lakini moduli zote zina umri mmoja. Ukiipachika moja yenye nguvu kati ya wachovu, mara nyingi mwingine huanguka ndani ya miezi michache. Ushauri wangu: kama unataka kuliuza gari kwa uaminifu na kumweleza mnunuzi, tengeneza moduli, kama utakaa nalo miaka, tafuta betri nzima iliyopimwa, na udai dhamana ya maandishi.

Kazi hii si ya kujaribia nyumbani. Nyaya za rangi ya chungwa hubeba volti zinazoua, na hata baada ya kuchomoa plagi ya usalama, kapasita za inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uifae mota) zinahitaji angalau dakika 10 kutoa umeme wake.

20. Betri kubwa ina vijiti vingi lakini gari halionyeshi READY, yaani tayari kuondoka. Kwa nini?

Karibu kila mara ni betri ndogo. Hiyo ndiyo inayoiamsha kompyuta na kuzifunga swichi za betri kubwa. Ikifa, betri kubwa haina wa kumfungulia mlango. Ipimwe kila mwaka baada ya miaka mitatu. Gari lako linaweza kubustiwa kutoka gari jingine, lakini usilitumie kubusti gari jingine: mkondo unaovutwa na stata unaweza kuunguza kigeuzi cha volti, nacho si cha bei ya betri ndogo.

21. Ninasafiri miezi mitatu. Niliacheje gari?

Mwachie mtu unayemwamini na umweleze jambo moja: kila baada ya wiki mbili au tatu aliwashe mpaka READY, aliendeshe nusu saa hivi. Kuwasha redio tu ni kuimaliza betri ndogo. Asipokuwepo mtu, chomoa ncha hasi ya betri ndogo, lakini betri kubwa nayo hupoteza chaji polepole, kwa hiyo kuliacha nusu mwaka bila kuguswa ni kujitafutia gharama.

## Hali za pembeni

22. Petroli ikiisha, naweza kufika kituoni kwa betri?

Unaweza kusogea kidogo, na usijaribu kusogea zaidi. Betri kubwa ndiyo inayoiwasha injini. Ukiikausha kabisa, hata ukileta dumu la mafuta injini haitazunguka, na chaja ya kawaida ya gereji haiwezi kuihudumia. Toka barabarani, zima, agiza mafuta.

23. Je, naweza kupita kwenye maji ya mafuriko?

Katika Aqua betri kubwa ipo chini ya kiti cha nyuma, na betri ndogo nayo iko huko nyuma. Maji yakifika usawa wa kizingiti cha mlango, yako karibu na vyote viwili. Mvua za masika zinapojaza Jangwani, geuza. Kama maji yaliingia ndani, usiliwashe gari hata kama linaonekana limekauka. Livutwe likafunguliwe na kukaushwa kwanza, kwa sababu chumvi na tope kwenye viunganishi huleta kutu ambayo itajitokeza miezi baadaye kwa sura ya swali la 19.

24. Ninanunua haibridi iliyotumika. Nipimeje betri bila mashine?

Nenda na mashine, au mtu mwenye mashine. Gharama yake ni ndogo mbele ya bei ya gari. Ukilazimika kupima kwa macho, liwashe likiwa baridi, washa kiyoyozi hadi mwisho, na ukae nalo limesimama nusu saa ukiangalia vijiti. Betri yenye afya hushuka polepole, injini huwaka, vijiti hupanda polepole, kisha injini huzima kwa muda unaoeleweka. Betri iliyochoka hushuka haraka na kujaa haraka, na injini huwaka na kuzima kila dakika. Sikiliza feni ya nyuma: ikipiga kelele mfululizo, betri inachemka. Halafu liendeshe kwenye mlima wowote ulio karibu na ukae juu dakika tano, ukiangalia kama taa yoyote itawaka.

Kilomita zilizo kwenye dashibodi zitazame kwa shaka, na uombe karatasi ya mnada wa Japani. Mwenye gari akikwambia betri "ilishabadilishwa", muulize kama ni betri nzima au ni moduli, lini, na risiti iko wapi.